Marathoni ya Kwanza Ukijiandaa Ukiwa Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu mwenye kazi yake na familia yake, anayetaka kumaliza kilomita 42 kwa mara ya kwanza akifanyia mazoezi Mwanza au mji mwingine wa kando ya ziwa. Hayamhusu anayetafuta zawadi ya mshindi.

Nimeshakimbia marathoni mbili za kilomita 10. Hii itakuwa ya tatu?

Hapana, ndiyo itakuwa ya kwanza. Siku hizi kila mbio yenye fulana na medali huitwa marathoni, hata ya kilomita 5. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Umbali huo ulitumika kwenye Olimpiki za London mwaka 1908, ukafanywa rasmi mwaka 1921, na haujabadilika. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada soma tangazo vizuri, kwa kuwa mbio nyingi huku kwetu huishia kilomita 21. Hata kwa Rock City Marathon ya hapa Mwanza, angalia mwaka huo wametangaza umbali gani. Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayofanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ina kilomita 42 kamili, na wengi wa Kanda ya Ziwa huanzia hapo.

Ukihesabu wiki 18 kurudi nyuma kutoka mwisho wa Februari unaangukia mwishoni mwa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zinaanza. Maana yake maandalizi yako yatapita kwenye matope na radi. Usianze kushangaa Novemba.

Sijawahi kuzidi kilomita 5. Naweza kuanza leo?

Anza leo kukimbia, ila ratiba ya marathoni iache kwanza. Moyo na mapafu huzoea upesi. Kano na mifupa huchelewa kwa miezi. Ndiyo maana wiki ya sita mtu anajisikia mwepesi, anaongeza kilomita kwa pupa, na wiki ya nane ugoko unamuuma hata akishuka kwenye daladala.

Kigezo ni hiki: uwe umekimbia mara nne kwa wiki, jumla kama kilomita 25, kwa miezi miwili mfululizo bila maumivu ya kudumu, na uwe umewahi kwenda kilomita 10 bila kusimama. Ukiwa na nusu marathoni (kilomita 21) moja mkononi, bora zaidi.

Mwenye presha, kisukari au shida ya moyo, na yeyote aliyevuka miaka 40 akiwa hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, aanzie kwa daktari. Vivyo hivyo mwenye selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa ni nyingi. Hata mwenye kinasaba kimoja tu, ambaye haumwi kabisa, asichanganye kasi kali, jua na kiu.

Ratiba ya wiki 18 ikoje?

Siku nne za kukimbia, tatu za kupumzika au kufanya kazi nyingine ya mwili. Mfano wa wiki:

Jumanne: kilomita 6 mwanzoni, zikipanda taratibu hadi 10, mwendo mwepesi.
Alhamisi: kilomita 6 hadi 10. Kuanzia wiki ya 5 weka ndani yake kilomita 3 hadi 6 za kasi ya kati, ile ambayo unaweza kujibu kwa maneno manne au matano, si zaidi.
Ijumaa: kilomita 4 hadi 6, nyepesi kabisa.
Jumapili: mbio ndefu.

Mwenye ibada siku hiyo anahamisha tu. Kinachotakiwa ni kwamba siku inayofuata mbio ndefu isiwe ya kukimbia.

Mbio ndefu, wiki ya 1 hadi ya 17, kwa kilomita: 12, 14, 16, 12, 18, 20, 22, 16, 24, 26, 18, 28, 30, 20, 32, 22, 14. Wiki ya 18 ni mbio yenyewe.

Angalia wiki za 4, 8, 11 na 14: umbali unashuka makusudi. Wengi huziruka wakiona ni za kivivu, na ndizo ambazo misuli na mifupa hutumia kujijenga. Ukizifuta, ratiba inageuka mteremko wa kwenda kwenye jeraha.

Mbio ndefu isizidi saa 3 na nusu hata kama kilomita 32 hazijatimia. Mwenye mwendo wa dakika 7 na sekunde 45 kwa kilomita angehitaji zaidi ya saa 4 kuzimaliza, na atabaki amechoka wiki nzima bila faida ya ziada. Huyo aishie kilomita 27 hivi.

Ukikosa wiki moja kwa safari au msiba, usilipe deni. Endelea pale kalenda ilipo. Ukikosa wiki tatu, badilisha lengo au uchague mbio nyingine.

Mwendo mwepesi ni mwepesi kiasi gani?

Kiasi cha kuona aibu ukipitwa na mama aliyebeba beseni la dagaa. Kipimo ni maneno: uweze kusimulia habari nzima bila kukata sentensi katikati ili kuvuta pumzi. Kama kilomita 10 unazimaliza kwa saa moja ukijituma, mbio ndefu iende kati ya dakika 7 na robo na dakika 7 na sekunde 45 kwa kilomita.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kundi la jogingi linaanza taratibu likiimba, mmoja anachomoka, wote wanamfuata, na kila Jumapili inageuka mashindano. Mazoezi ya kasi ile huwa magumu mno kwa kujenga ustahimilivu na mepesi mno kwa kujenga kasi. Ukiona kundi lako liko hivyo, kimbia nalo Alhamisi. Jumapili toka na mtu mmoja anayejua kunyamaza.

Mwanza ni milima na mawe. Nikimbilie wapi?

Mbio ndefu tambarare kiasi: Barabara ya Makongoro kupitia Kirumba na Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege, au Barabara ya Kenyatta kwenda Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na kuendelea Buhongwa. Barabara ya Nyerere kwenda Igoma na Kisesa nayo inafaa, ila malori ya njia ya Musoma hayana huruma, hivyo iwe alfajiri ya Jumapili tu. Kwa mazoezi mafupi Capri Point ni pazuri: magari machache na upepo wa ziwa.

Milima usiikimbie, itumie. Chagua mteremko mmoja, tuseme wa Bugando au Isamilo. Baada ya kupasha misuli moto kwa kilomita 2, panda kwa nguvu sekunde 60, shuka ukitembea, rudia mara 6. Fanya hivyo badala ya kasi ya Alhamisi, wiki moja ndiyo moja sio, kati ya wiki ya 5 na ya 12. Usishuke mbio, kwa sababu kushuka ndiko kunakochana misuli ya paja la mbele na kugonga magoti.

Kimbia upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja. Bodaboda hazina upande, kwa hiyo giza likiwepo vaa kizibao cha kuakisi mwanga, na usizibe masikio yote mawili kwa muziki. Mfukoni weka shilingi elfu tatu au nne: maji, na nauli ya kurudi mambo yakigoma. Wanawake wengi hupendelea kutoka wawili au watatu na kupanga njia yenye maduka yanayofunguliwa mapema. Ni busara kwa wanaume pia.

Nianze saa ngapi asubuhi?

Jua la Mwanza huchelewa kuliko la Dar es Salaam, kwa kuwa tuko magharibi zaidi na saa ni ileile. Huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1:00 asubuhi kutegemea mwezi. Mbio ya saa 3 ikianza saa 11:00 alfajiri inaisha saa 2:00 kabla lami haijapata moto. Ukianza saa 1:00, saa ya mwisho utaipata juani, na kasi ileile itadai mapigo mengi zaidi ya moyo. Siku hiyo punguza mwendo, usilazimishe.

Kuna asubuhi ambazo wale wadudu wadogo wa ziwani huja kama moshi. Miwani ya bei rahisi na mdomo uliofungwa vinatosha.

Wakati wa Ramadhani sogeza mazoezi hadi saa moja na nusu baada ya futari, na mbio ndefu ifupishwe kwa theluthi. Kilomita 30 ukiwa umefunga si mazoezi.

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa, ukijua kuzikagua. Tatizo la mtumba ni povu la ndani ambalo macho hayalioni. Uchafu wa nje utafuliwa. Raba ya mbio huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na aliyeitoa huenda aliitoa kwa sababu hiyo.

Ukiwa soko la Mlango Mmoja au popote zinapomwagwa, fanya hivi. Weka raba mezani uitazame kwa nyuma: ikiegemea ndani au nje, mguu wa mwenzio umeshaipinda, irudishe. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba pembeni, chini ya kisigino: ikiwa ngumu kama kwato, au ina mikunjo mingi ya mlalo isiyojifuta, povu limekufa. Geuza uangalie mpira wa chini. Ukiona povu jeupe limetokeza kisiginoni, achana nayo. Ikunje: inatakiwa ipinde kwenye shina la vidole, si katikati ya unyayo. Mwisho ingiza mkono ndani upapase kitambaa cha kisigino. Tundu dogo pale ni lengelenge la uhakika kwenye kilomita ya 15. Raba zilizokaa sana kwenye marobota huachia gundi, hivyo vuta kidogo ncha ya mbele.

Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Raba za mpira wa miguu, za kikapu, na zile nyembamba za mtindo hazifai hata zikiwa mpya. Raba ya siku ya mbio iwe imeshakula kilomita 60 hadi 100 mguuni mwako.

Nivae nini kingine?

Soksi zisizo za pamba tupu, bukta iliyozoeleka, fulana ya kitambaa chepesi kisichoshika jasho. Wanawake: sidiria ya michezo inayobana vizuri, iliyojaribiwa kwenye mbio ndefu mara tatu au nne. Mafuta ya mgando kwenye mapaja, kwapani na penye mshono wa sidiria. Wanaume plasta kwenye chuchu. Fulana unayopewa na waandaaji ni ya kuvaa Jumatatu kazini.

Ninywe maji kiasi gani?

Jipime. Nenda haja ndogo, panda kwenye mizani ukiwa na bukta tu, kimbia saa moja bila kunywa, jifute jasho, pima tena. Kilo moja iliyopotea ni lita moja ya jasho. Ukipoteza nusu kilo, maji ya kunywa kila dakika 20 ni mafunda machache. Ukipoteza kilo moja na nusu, utahitaji zaidi, lakini hutafidia yote ukiwa unakimbia, na wala huhitaji. Wengi hufika salama kwa mililita 400 hadi 700 kwa saa, wakifuata kiu.

Kuzidisha nako kuna hatari. Mtu mwenye mwendo wa pole anayekunywa chupa nzima kila kituo kwa saa 5 huishia chumvi ya damu ikiwa imeshuka: vidole vinavimba, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa. Watu wakidhani ni upungufu wa maji humwongezea mengine. Ukimaliza ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa kupita kiasi.

Vinywaji vya wanariadha ni ghali. Nitengeneze nini nyumbani?

Kwa lita moja ya maji safi: sukari gramu 60, yaani vijiko 15 vya chai vilivyosawazishwa kwa kisu, chumvi robo kijiko cha chai, ndimu moja au nusu limao kwa ladha. Koroga hadi iyeyuke yote, onja. Inatakiwa iwe tamu kidogo, na chumvi uihisi kwa mbali. Ukiihisi mara moja, umezidisha na itakutapisha. Ukiongeza sukari mara mbili ukidhani utapata nguvu mara mbili, tumbo litagoma kuinyonya na utaanza kutafuta choo.

ORS ya dukani si mbadala wake. Pakiti moja kwa lita ina glukosi gramu 13.5 tu, chini ya robo ya sukari ya kinywaji hiki. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi kwa anayeharisha. Inafaa baada ya mbio ya jasho jingi.

Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya kukimbia. Nusu lita ya kinywaji hicho ni gramu 30. Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama gramu 25. Soda ya chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari. Itikise utoe gesi kwanza. Anza kula dakika ya 40 au 45, kabla njaa haijabisha hodi, kisha kila nusu saa. Tumbo nalo hufundishwa: fanya hivi kwenye kila mbio ndefu kuanzia kilomita 18. Chupa unaweza kuiacha kwa mwenye duka unayemfahamu kule utakakogeuzia.

Chakula cha kila siku je? Ugali na sato vinatosha?

Vinatosha kabisa. Wanga ni ugali, wali, viazi, ndizi. Chakula cha kujengea misuli ni samaki, dagaa, maharage. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wana kalisi, na wana madini ya chuma pia. Wanawake wanaopata hedhi nzito wapime damu kabla ya kuanza ratiba, maana uchovu usioeleweka wiki ya 10 mara nyingi ni damu pungufu, si uvivu.

Kosa la kawaida ni kula kidogo ili upungue uzito wakati kilomita zinapanda. Chagua moja.

Na michembe? Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni wanga mzuri wa kuhifadhika, na kwa siku za kawaida hakuna ubaya. Usile usiku wa kuamkia mbio ndefu: nyuzinyuzi zake hubaki tumboni na kutengeneza gesi, na kilomita ya 12 si mahali pa kugundua hilo. Maharage, kabichi na maziwa viko kundi moja nayo kwa saa 24 za mwisho.

Kwa nini watu huzimika kilomita ya 30?

Hesabu yake ni ya mafuta ya pikipiki. Mkimbiaji hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama 2,700 kwa safari nzima. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama 2,000. Mafuta ya mwili yapo tele, lakini yanaungua polepole. Tangi la wanga likikauka, kasi inashuka ghafla, miguu inakuwa magogo na akili inakuwa nzito.

Ukienda kasi mwanzoni, sehemu kubwa zaidi ya nguvu hutoka kwenye wanga, na tangi hukauka mapema. Kwa hiyo dawa ni tatu: mazoezi marefu ya pole yanayoufundisha mwili kutumia mafuta, kula njiani, na kuanza taratibu. Uji wa usiku wa mwisho hauponyi kosa la kilomita 10 za kwanza.

Naumwa. Niendelee au niache?

Misuli inayouma pande zote mbili, ikilegea ukipasha moto, ni kawaida. Maumivu ya upande mmoja yanayokufanya ubadilishe namna ya kukanyaga ni ishara ya kusimama, siku hiyohiyo, hata kama imebaki kilomita moja. Maumivu ya mfupa unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayouma hata usiku, huenda ni ufa: hospitali, na hakuna kukimbia hadi upigwe picha.

Ugoko: punguza kilomita kwa nusu kwa wiki mbili, hama lami uende njia ya vumbi, angalia raba. Unyayo unaochoma hatua ya kwanza asubuhi: viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya mguu dakika 10, nyoosha mashavu ya miguu mara tatu kwa siku. Goti upande wa nje: mara nyingi nyonga ni dhaifu. Mara mbili kwa wiki fanya dakika 20 za kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja, kupanda kwa vidole ukingoni mwa ngazi mara 15 kwa seti 3, na kukaza mwili kama ubao ukijiinua kwa viwiko na vidole vya miguu. Ni zoezi linalochosha kwa kuchukiza, na ndilo linalokufikisha wiki ya 18.

Diklofenaki au ibuprofen kabla ya kukimbia, hapana. Huficha onyo la mwili, huumiza tumbo, na zikikutana na mwili uliokauka huhatarisha figo.

Naweza kupoza miguu ziwani baada ya mbio ndefu?

Usifanye hivyo. Maji ya kina kifupi yenye majani ndipo wanapoishi konokono wa kichocho, na vimelea hupenya ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Tumia beseni na maji ya bomba. Kama umeshazoea kuingia ziwani, nenda kapime. Tiba ipo na ni ya vidonge.

Nimetoka kuugua malaria. Nirudi lini?

Homa yoyote ni kupima kwanza, si kukimbia ili "utoe jasho". Maliza dozi ya siku 3 yote. Baada ya homa kuisha, pumzika angalau wiki, anza kwa kutembea dakika 30, kisha kilomita 4 nyepesi. Mapigo yakipanda isivyo kawaida kwa mwendo wa kawaida, bado. Wiki mbili za kupungua zinalipika; moyo ulioshtuliwa ukiwa na homa haulipiki kirahisi.

Niweke lengo la muda gani?

Kumaliza ndilo lengo. Lakini kasi lazima uichague, la sivyo umati utakuchagulia. Chukua muda wako wa nusu marathoni, zidisha mara mbili, ongeza dakika 20 hadi 30. Aliyekimbia saa 2 na dakika 10 apange saa 4 na dakika 45: dakika 6 na sekunde 45 kwa kilomita. Kilomita 10 apite kwenye saa 1, dakika 7 na nusu hivi. Nusu ya safari kwenye saa 2, dakika 22 na nusu. Kilomita 30 kwenye saa 3, dakika 22 na ushee.

Ukichelewa dakika tatu kufika kilomita 10, hujaharibu kitu. Ukiwahi dakika tatu, umeshaharibu. Mtanzania Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, alimpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa, muda wao ukaandikwa sawa. Kama bingwa wa dunia aliweza kusubiri kilomita 42, nawe unaweza kusubiri 10.

Kutembea kunaruhusiwa. Dakika 9 za kukimbia na 1 ya kutembea, tangu mwanzo na si baada ya kuchoka, humfikisha mtu akiwa na miguu.

Wiki mbili za mwisho nifanyeje?

Punguza kilomita hadi kama theluthi mbili, kisha nusu. Utajisikia mzito, utaota umechelewa, goti litauma bila sababu. Yote hupita. Usijaribu chochote kipya.

Siku mbili za mwisho kula wanga gramu 7 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 65 ni karibu gramu 500 kwa siku. Sahani ya vikombe vitatu vya wali ni kama 135. Usiongeze mlo juu ya mlo. Punguza nyama na mafuta, nafasi ijazwe na wali, ndizi, mkate, juisi.

Nikienda Moshi, mwinuko utanisumbua?

Hapana. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Moshi mjini ni chini ya hapo. Kitakachokusumbua ni mlima wa kuelekea Mweka, na basi. Safari kupitia Shinyanga, Singida, Babati na Arusha ni siku nzima ya kukaa. Fika siku mbili kabla, simama utembee kila basi linaposimama, na usijaribu mishikaki ya stendi.

Asubuhi ya mbio ikoje?

Amka saa 3 kabla ya kuanza. Kula ulichozoea: vipande vitatu au vinne vya mkate na asali, au viazi vitamu viwili vilivyomenywa, na chai ya rangi. Maji mililita 400, halafu acha. Choo mara mbili; foleni ni ndefu, panga mapema. Namba ifungwe mbele kwa pini nne, na chipu ya kupima muda isifunikwe. Simama nyuma ya umati. Kilomita 3 za kwanza ziwe za pole kuliko zote, hata ukipitwa na wazee. Kwenye kituo cha maji tembea hatua kumi na unywe vizuri, kuliko kujimwagia usoni ukikimbia.

Kichomi kikija, punguza mwendo, toa pumzi yote kwa nguvu mara kadhaa ukibonyeza panapouma.

Nikishindwa kumaliza je?

Kizunguzungu, kuacha kutoka jasho, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa: simama, ita wahudumu. John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho Mexico City mwaka 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji, na Tanzania inamheshimu kwa haki. Lakini yeye alikuwa ametumwa na nchi. Wewe umelipa ada mwenyewe, na mbio ipo mwakani.

Baada ya kuvuka mstari?

Usikae chini papo hapo. Tembea dakika 10 hadi 15. Ndani ya saa moja kula wanga na samaki au mayai, kunywa kidogokidogo. Mkojo ukiwa na rangi ya kola, au usipotoka kabisa kwa saa nyingi, nenda hospitali. Kucha nyeusi iache idondoke yenyewe. Wiki moja bila kukimbia kabisa, wiki mbili nyingine za kilomita 3 hadi 6 nyepesi. Anayeishi juu ya mawe, Mabatini au Bugando, ajue kwamba kwa siku tatu kushuka kutauma kuliko kupanda: shuka kwa ubavu, shika ukuta, na mtungi wa maji abebe mwingine.